Kielelezo Namba Tatu

Mimi ni karani. Kazi yangu ni kuandika
kinachosemwa, si ninachofikiri.
Lakini leo mvua imekata umeme Bukavu nzima,
mashine ya chapa imenyamaza,
na kalamu isiyo na msimamizi husema.
Majina nimeyabadilisha. Ugonjwa sitautaja, hata hapa.

Ilikuwa Jumanne, chumba cha pili. Benchi zimejaa,
hadi wauza sambaza wameingia na beseni zao
kukwepa matone.
Mlalamikaji: Nsimire M'Kaboyi, mshonaji, wa Kadutu.
Mshtakiwa: Murhula, fundi wa simu, kibanda cha bluu
pale ngazi zinapoteremka sokoni.

Alimpelekea simu iliyopasuka kioo.
Fundi akaomba namba ya siri, ajaribu kama inagusika.
Akampa. Nani asiyempa fundi?
Jioni kioo kilikuwa kizima,
na karatasi ya hospitali, aliyoipiga picha
asije akasahau saa za kumeza dawa,
ilikuwa imeshafika kwa shemeji,
kwa kiongozi wa kwaya,
kwa mwenye nyumba.

Kwenye fomu zetu neno ni faragha.
Yeye hakulijua. Alisema, "Chumba changu cha ndani."
Nilisita. Nikaandika faragha.

Wakili wa fundi akasimama, tai imelowa:
"Mheshimiwa, mteja wangu hakuvunja kitu.
Alikabidhiwa ufunguo mkononi."
Juji hakuinua macho kwenye faili.
"Fundi wa kitasa hupewa ufunguo.
Hapewi kitanda."
Kicheko kikapita benchi hadi benchi.
Nsimire hakucheka.

Kisha ikaja zamu ya kielelezo namba tatu.
Sheria haihukumu isichokiona.
Karatasi ikatoka kwa mwendesha mashtaka
ikaenda kwa wakili, kwa juji,
kwa msaidizi wa kulia, kwa wa kushoto,
mwisho kwangu, niigonge muhuri.
Nilihesabu: sisi sita.
Fundi alikuwa ameishia kwa watatu.

"Karatasi hii ni yako?"
"Ni yangu," akasema. "Ndiyo sababu nimekuja."

Hukumu: miezi minne gerezani.
Faini kwa serikali.
Dola mia tatu za fidia, kwa mafungu.
Na picha ifutwe popote ilipo.
Popote. Neno hilo nililiandika kwa mwandiko wangu mzuri,
nikijua hakuna askari wa kupanda Kadutu
ngazi kwa ngazi, akiwafuta watu macho.

Murhula alilia pingu zilipofunga.
Miaka ishirini na miwili; mama yake mlangoni
amejiziba mdomo kwa pindo la kitenge.
Sikumwonea huruma. Halafu nikamwonea.
Hilo halimo kwenye kumbukumbu za mahakama.

Wiki ya nne fungu la kwanza likafika dirishani kwangu:
noti ya dola ishirini, imechanika pembeni
upana wa ukucha wa mtoto.
Mnaujua mji huu. Noti ya hivyo
utaizungusha soko zima na kurudi nayo.
Nsimire aliiinua kwenye mwanga,
akaikunja mara mbili.
"Kuna mtu pale Nyawera huzipokea," akasema,
"ila anakata."
Akatia sahihi. Akashuka.

Nimesahau kusema jambo moja.
Mke wangu anaimba sauti ya pili
katika kwaya ile ile.
Usiku wa Jumanne, akimenya ndizi,
aliniuliza bila kunitazama:
"Leo mahakamani kulikuwa na nini? Watu wanasema..."
"Mvua," nikamjibu. "Paa letu linavuja.
Nimeshinda chini yake, nikikinga."